Bunduki ya Maxim ilivyovuka Ruvu

Hapa Mbwawa, kama Kibaha nzima, Ruvu tunaujua zaidi kama mto wa maji ya bomba. Ukishuka nao hadi karibu na Bagamoyo, unafika palipokuwa na kivuko cha misafara iliyotoka bara. Desemba 4, 1889, Henry Morton Stanley alivuka hapo akirudi na Emin Pasha, ambaye Stanley alikuwa amekwenda kumwokoa. Katika mizigo iliyobebwa na wapagazi wake waliotoka Unguja ilikuwamo bunduki ambayo Stanley hakuinunua. Alizawadiwa na aliyeibuni, Hiram Maxim.

Maxim alizaliwa Maine, Marekani, mwaka 1840. Alibuni mtego wa panya, kisha akahamia kwenye taa za umeme, ambako sifa zote zilikwenda kwa Thomas Edison. Kinyongo hicho hakikumtoka. Alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1882, akiwa Vienna, Mmarekani mwenzake alimwambia aachane na umeme: akitaka utajiri, abuni kitu cha kuwarahisishia Wazungu kuchinjana. Mwingine angecheka yakaisha. Maxim alifungua karakana Hatton Garden, London, na mwaka 1884 bunduki yake ilikuwa tayari.

Bunduki yoyote ikifyatuliwa humpiga mtu teke begani. Kwa wengine teke hilo lilikuwa kero tu. Maxim aliona ni nguvu inayopotea bure. Akaitumia itoe ganda, iingize risasi nyingine na kufyatua tena, mradi kidole hakijaachia. Zilitoka risasi 600 kwa dakika, na mtutu ulizungushiwa maji usiungue. Kwa ufundi, hana mpinzani. Milio ya majaribio ilimwacha karibu kiziwi.

Aliiuza kwa Waingereza, Wajerumani na Warusi. Mwenye fedha alipata. Ile ya Stanley ilikwenda Uganda na Mwingereza, Kapteni Lugard, na ingawa ilikuwa imechakaa, Januari 24, 1892 ilitumika Mengo, Waganda wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipopigana.

Huku kwetu kilio kikubwa kilikuwa Majimaji. Vita vilianzia Umatumbi Julai 1905 vikasambaa hadi kwa baadhi ya Wazaramo. Agosti 30, Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Mahenge kwa mikuki, wakiamini maji ya dawa yatazigeuza risasi kuwa maji. Wajerumani waliwaacha wasogee, kisha bombomu mbili, yaani bunduki za Maxim, zikafunguliwa. Mstari wa mbele ukaanguka, wa nyuma wakazidi kuja, nao wakaanguka. Waliokufa hapo ni mamia. Vita vilipokwisha, njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala ilikuwa imeua wengi kuliko risasi.

Miaka minne kabla ya Mahenge, Maxim alipewa cheo cha Sir huko Uingereza. Uzeeni alisumbuliwa na kifua, akabuni kifaa cha kuvuta mvuke wa dawa. Wenzake wakamcheka kwamba anajishushia hadhi kwa mambo ya waganga wa mitaani. Akalalamika kuwa dunia humheshimu mtu kwa mashine ya kuua na kumdharau kwa kifaa cha kuponya. Alisema kweli. Ila lawama aliitupia dunia, kana kwamba yeye alishurutishwa na mtu. Huyu hakuwa na chuki na Mpogoro wala Mganda. Pengine hakuwawaza kabisa, na kwangu hilo ndilo kosa lake. Alitaka ashinde, awe tajiri, jina lake litajwe pamoja na la Edison. Risasi zingeishia kwa nani, hilo aliwaachia wateja.

Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wawili kati ya wateja hao walikutana Tanga. Waingereza walishuka na askari wapatao 8,000, na bombomu za Wajerumani, za muundo wa Sir Hiram, ziliwarudisha baharini.

Alifariki London Novemba 24, 1916. Wakati huo majeshi hayo mawili yalikuwa yakikabiliana kwenye mto Mgeta, na bunduki zake zilikuwa pande zote mbili.