Kamba nne
Wengine huku Nchelenge wanasema eti kijana mkimbizi ni mwizi tu. Jamani, mwaka 1969 Travis Hirschi wa Marekani aligeuza swali: kwa nini watu wengi hawaibi? Akataja kamba nne zinazomshika mtu: watu anaowapenda, lengo asilotaka kulipoteza, shughuli zinazojaza siku, na kuamini kwamba sheria ni ya haki.

Vita ya 2017 ilitutoa Pweto. Tukapokelewa Kenani, halafu 2018 tukahamia Mantapala. Njiani kamba nyingi zilikatika: wengine walipoteza wazazi, masomo yakasimama, nyavu zikabaki ng'ambo ya Mweru. Lakini wengi wetu hatuibi, maana tumefunga kamba mpya: kwaya, mpira, shamba, mama jirani anayekuita mwanangu.

Ninyi mnaotusaidia, kabla ya kuongeza walinzi, ongezeni kamba.