Halima wa Ujiji: nafasi ambayo Hollywood haikumpa

Agosti 1939 kampuni ya 20th Century-Fox ya Marekani ilitoa filamu iliyolipeleka jina la Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye majumba ya sinema ya dunia. Iliitwa Stanley and Livingstone, na mwongozaji wake alikuwa Henry King. Steringi alikuwa Spencer Tracy, ambaye tayari alikuwa na tuzo mbili za Oscar, katika nafasi ya Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda Afrika kumtafuta mmisionari Daktari Livingstone, na Daktari huyo aliigizwa na Mwingereza Cedric Hardwicke. Jina la pili katika orodha lilikuwa la msichana wa miaka 18, Nancy Kelly, mzaliwa wa Lowell, Massachusetts. Alipewa nafasi ya Eve Kingsley, binti wa Kiingereza anayeishi Unguja, ambaye Stanley anampenda na mwishowe anamkosa.

Eve Kingsley hakuwahi kuwapo duniani. Waandishi wa filamu walimbuni ili hadithi isiwe ya wanaume peke yao. Kelly mwenyewe hana lawama. Mwaka huohuo alionekana katika Jesse James na Frontier Marshal, akifanya kazi ya namna ileile: mwanamke wa kando anayempa shujaa sababu ya kuhuzunika. Ilibidi arudi jukwaani ndipo kipaji chake kionekane kizima, akapata tuzo ya Tony mwaka 1955 kwa tamthilia ya The Bad Seed.

Kinachoniuma ni kwamba watengenezaji hao walihangaika sana kutafuta ukweli wa nyasi na wanyama. Walituma kikosi cha wapiga picha hadi Afrika Mashariki, wakamchukua Osa Johnson kuwa mshauri, mwanamke aliyezunguka nyika zetu na kamera kwa miaka pamoja na mumewe Martin, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1937. Lakini walipohitaji mwanamke wa kumweka ndani ya hadithi, walimtoa kichwani. Na wa kweli alikuwapo, tena kwenye kitabu ambacho Stanley mwenyewe alikiandika.

Aliitwa Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone hapo Ujiji, na mumewe, Amoda, alikuwa mtumishi wa Daktari huyohuyo. Novemba 1871, Stanley alipowasili na bendera ya Marekani na bunduki zikilia, Halima alikuwa jikoni. Stanley anasimulia jinsi alivyokuwa akichungulia mara kwa mara kuhakikisha kwamba kweli wameketi Wazungu wawili barazani, na jinsi alivyohofia kwamba chakula chake hakitathaminiwa inavyostahili. Siku hiyo majirani nao walituma sahani: kababu kutoka kwa Said bin Majid, kuku wa mchuzi kwa Mohammed bin Sali, nyama ya mbuzi na wali kwa Mwinyi Kheri. Livingstone, aliyekuwa amedhoofu na kupoteza hamu ya kula, alikula akashiba. Mlo huo ndio ulioonyesha kwamba atapona, na haukujipika.

Filamu badala yake inamwonyesha Daktari akiongoza kwaya ya wanakijiji kuimba wimbo wa kanisa, kana kwamba Ujiji haikuwa mji wa biashara wa Waislamu, wenye soko, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na misafara ya pembe na watumwa.

Siku chache baadaye wanaume hao wawili walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kuutazama Mto Rusizi. Anayetoka Ujiji kwa njia hiyo huizunguka rasi ya Bangwe kabla ya kufika ghuba ya Kigoma. Vitabu humfuata aliye ndani ya mtumbwi. Lakini mtu wa Bangwe anajua kuwa mtumbwi ukishafika pwani ndipo kazi ya akina mama inapoanza: kuanika dagaa, kuwageuza, kuwawahi kabla ya mvua. Bila hao samaki wote huoza.

Ipo habari moja ya Halima ambayo ningeitoa kwa mwandishi yeyote wa filamu. Mwaka 1872, huko Unyanyembe, karibu na Tabora, walikokuwa wamehamia kutoka Ujiji, aligombana na Ntaoeka, mke wa Chuma, mtumishi mwingine wa Livingstone, akaondoka. Livingstone akatuma barua kumtafuta. Halima akarudi mwenyewe, lakini hakuingia. Alisimama nje akimsubiri Daktari atoke amwambie aingie. Daktari akatoka. Katika shajara yake anakiri kwamba hajawahi kuwa na sababu ya kumkaripia, kwamba haibi wala hamruhusu mumewe kuiba. Akaahidi kumwacha huru na kumnunulia nyumba na shamba Unguja. Ahadi hiyo inatukumbusha hali yake: Livingstone alikuwa amempata kutoka kwa wafanyabiashara wa msafara.

Mwaka uleule wa 1939 ilipotoka filamu ya Ujiji, Mmarekani mweusi Hattie McDaniel aliigiza mtumwa wa nyumbani katika Gone with the Wind. Februari 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na usiku huo akakalishwa meza ya mbali na wenzake wa filamu.  Kwa hiyo mlango wa mwanamke mweusi kuingia Hollywood ulikuwa jikoni, na Fox haikumpa Halima hata nafasi ya jikoni.

Miaka 74 baadaye, Machi 2014, Lupita Nyong'o wa Kenya naye aliipokea tuzo hiyohiyo, kwa nafasi ya Patsey, mwanamke mtumwa, katika filamu ya 12 Years a Slave. Hakuna aliyeitazama filamu ile akasema Patsey ni wa pembeni. Halima angeweza kuandikwa vivyo hivyo, na tunao waigizaji wa kike, kuanzia kizazi cha akina Bi Hindu na Bi Mwenda wa kundi la maigizo la Kaole, waliozoea kuibeba nyumba nzima katika mchezo bila kuitwa steringi.

Agosti 1872 Halima aliondoka Unyanyembe na msafara wa mwisho wa Livingstone. Daktari alifariki Mei 1873 kijijini kwa chifu Chitambo, na watu wake wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Aliyeahidi nyumba na shamba hakufika Unguja akiwa hai.