Nani ana haki ya kuleta hoja? Somo kutoka mabaraza ya zamani

Leo nina historia kidogo, lakini nianze na jambo la hapa kwetu.

Kikundi chetu kiliwahi kualikwa kwenye kikao cha bodi ya shirika moja, hapa Kamembe. Nilitumwa mimi. Kwenye ajenda kulikuwa na mafunzo ya ushonaji, eti yahamishiwe saa sita mchana. Sasa saa sita wengi wetu tuko sokoni tunabeba mizigo. Nikanyoosha mkono, nikasema: "Bwana mwenyekiti, napendekeza mafunzo yawe jioni." Akanijibu kwa upole tu: "Asante kijana, tumekusikia. Ila hoja inaletwa na mjumbe wa bodi. Wewe ni mwalikwa."

Nilikaa chini. Dirishani naiona Bukavu ng'ambo ya maji, nikajiuliza: kusikiwa na kuleta hoja, tofauti yake ni nini? Nilipoanza kusoma, nikakuta swali hili lina miaka mingi Afrika Mashariki.

Tuanze Kenya. Baraza la Kutunga Sheria lilikaa mara ya kwanza mwaka 1907, bila Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1924 serikali ikaamua Waafrika wapate mtu wa kuwasemea. Ikamchagua nani? Mmisionari Mzungu, Dakta John Arthur. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Lakini wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wakati huo wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea na kipande, karatasi ya kitambulisho iliyowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Aliyewasemea barazani hakuvaa kipande. Mwafrika wa kwanza, mwalimu Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Ilipita miaka 20 tangu kuanza "kusemewa". Na kati ya mambo aliyoyapigania Mathu ni hicho kipande.

Sasa tuje kwetu. Baada ya vita ya pili ya dunia, Ruanda-Urundi, ambayo Cyangugu ilikuwa ndani yake, ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Ubelgiji. Tanganyika nayo ilikuwa chini ya udhamini, ikitawaliwa na Uingereza. Zote zilisimamiwa na Baraza la Udhamini kule New York. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliruhusu wananchi kulipelekea baraza hilo malalamiko yao, na baraza lilituma wajumbe kuja kuona hali. Ujumbe wa kwanza ulifika Ruanda-Urundi na Tanganyika mwaka 1948. Lakini kura zilikuwa za nchi wanachama peke yake. Julius Nyerere alipokwenda New York Machi 1955 kuisemea TANU, aliingia kama mleta malalamiko. Alisikilizwa, maneno yake yakaenda mbali. Ila kupiga kura hakuweza. Kwa maneno mengine, alikuwa mwalikwa, kama mimi pale Kamembe.

Mnaweza kusema: basi apewe kiti, mambo yaishe. Hapana, bado. Mwaka 1957 Nyerere aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Sasa ni mjumbe, analeta hoja kama wengine. Lakini wingi wa kura ulikuwa upande wa serikali ya kikoloni, na mapendekezo yake yakawa yanakataliwa. Baada ya miezi kama minne hivi, Desemba 1957, akajiuzulu. Januari 1958 TANU wakakutana Tabora, wakabishana sana, mwisho wakakubali kuingia kwenye uchaguzi, hata kama masharti yake hawakuyapenda. Wakashinda. Safari hii alirudi na watu wa kumuunga mkono. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

Kwa hiyo mimi naona milango minne. Wa kwanza ni kusemewa na mwingine. Wa pili, kusema mwenyewe. Wa tatu, kuleta hoja. Wa nne, kuwa na kura za kuipitisha. Mara nyingi sisi wakimbizi tunafunguliwa mlango wa pili, halafu tunaambiwa tumeshirikishwa.

Kusema kweli, ile kanuni ya "wajumbe tu" si uonevu yenyewe. Mjumbe ndiye anayebeba lawama uamuzi ukiharibika. Kama kila anayepita angeleta hoja, kikao kisingeisha. Swali zito liko nyuma yake: nani anakubaliwa kuwa mjumbe, na nani anamchagua?

Hata huko juu swali ni hilohilo. Kamati Tendaji inayoisimamia UNHCR imeundwa na nchi, siyo na wakimbizi. Desemba 2019, kwenye Jukwaa la kwanza la Dunia la Wakimbizi kule Geneva, Kanada iliweka ndani ya ujumbe wake mshauri aliyepitia ukimbizi mwenyewe. Ni hatua. Lakini bado anaingia kupitia kiti cha nchi.

Turudi kwenye kikao chetu. Wakati wa mapumziko, mama mmoja wa bodi aliniita: "Mwanangu, nipe maneno yako." Waliporudi akayaleta kama hoja yake, mzee mmoja akaiunga mkono, na kwa kuwa sasa ilikuwa hoja, walilazimika kuijadili na kuipigia kura. Mafunzo yakawekwa jioni kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilimshukuru sana yule mama. Ila kwenye kumbukumbu za kikao hoja imeandikwa kwa jina lake. Kikundi chetu hakimo. Kesho akiondoka yeye, nani atatubebea?

Vijana wenzangu, mkialikwa, ombeni kwanza kanuni za bodi mzisome. Kama hamna haki ya hoja, mtafuteni mjumbe wa kuileta na mwingine wa kuiunga mkono kabla ya siku ya kikao, na ombeni iandikwe imetoka kwa nani. Halafu ombeni viti, siyo kimoja cha picha, angalau viwili, ili mmoja akileta hoja mwingine aiunge mkono.

Na nyie wa mashirika, tunawaheshimu. Tunaomba mjiulize jambo moja tu: kwenye bodi yenu, sisi tuko mlango wa ngapi?