Mwanga uliofichwa: juu ya sanamu moja ya Rembrandt

Tukisikia watu wanakutana usiku kwa siri, tunasema upesi: ni wabaya. Tena kama madai yao yanatupendeza, tunasema upesi vile vile: ni mashujaa. Leo tunataka kutazama pamoja nanyi sanamu moja ya zamani inayotufundisha kutohukumu upesi hivyo.

Mwaka 1655 wakubwa wa Amsterdam, katika Uholanzi, walifungua nyumba mupya ya serikali ya muji wao. Inchi yao ilikuwa imepigana na wafalme wa Hispania mpaka mwaka 1648. Kwa hiyo walitaka kupamba kuta kwa habari za Wabatavi, waliowahesabu kuwa babu zao, walioasi Waroma mwaka 69.

Tacitus ametuandikia habari ile. Civilis, mukubwa wa Wabatavi, alitumikia jeshi la Roma miaka 25. Hata hivyo ndugu yake aliuawa kwa mashitaki ya uongo, naye mwenyewe alifungwa minyororo. Tena maofisa walikuwa wakikamata watu wake kwa nguvu wawe askari. Basi Civilis akawaita wakubwa katika pori takatifu, kana kwamba ni karamu tu. Usiku, walipokwisha kuchangamuka, akawalisha kiapo.

Rembrandt alipewa kazi ya kuchora kiapo kile, na mwaka 1662 sanamu yake kubwa sana ilitundikwa. Lakini haikudumu pale: ilishushwa, na pahali pake pakawekwa kazi ya mwengine. Baadaye ilikatwa. Kipande cha katikati kiko Stockholm, kimo chake sentimita 196, upana 309.

Tutazame mwanga wake. Hautoki mbinguni wala kwa mwezi, unatoka mezani. Taa zenyewe hatuzioni, maana watu walioketi mbele wanazificha, nao wanaonekana weusi kama vivuli. Panga zinagusana juu ya meza. Mumoja anacheka, mwengine ananyanyua bakuli. Civilis, mwenye kofia ndefu kama taji, anaelekeza uso kwetu, na jicho lake bovu halikufichwa.

Wengine wataona hapa furaha ya uhuru tu. Sisi tunaona na hofu pia. Mwanga ule unawaunganisha watu, lakini haufiki mbali: nyuma yao ni giza tupu. Unaangaza nyuso zao, hauangazi njia yao. Na kweli, mwaka 70 uasi wao ulishindwa. Rembrandt hakuwadharau watu wale. Lakini hakuwageuza watakatifu.

Hapo tunakumbuka jambo lingine la muji ule ule. Tangu mwaka 1578 Wakatoliki wa Amsterdam walikatazwa kuabudu mbele ya watu. Mwaka 1661 mufanyabiashara Jan Hartman alianza kujenga nyumba yake, na juu kabisa, chini ya paa, akatengeneza kanisa, lililomalizika mwaka 1663. Wakubwa wa muji walijua makanisa ya namna ile, wakanyamaza, mradi yasionekane toka njiani. Basi wale waliotaka kusifu ukutani kiapo cha siri cha zamani, waliwaacha jirani zao wapande ngazi kwa siri kusikia Misa!

Hatusemi kwamba Rembrandt alifikiri jambo hilo. Lakini miaka ile ile, katika muji mumoja, kulikuwa na meza mbili zenye mwanga uliofichwa: moja ya panga, iliyochorwa tu, na moja ya Mukate, iliyokuwa ya kweli. Usiku peke yake haushuhudii kitu. Nikodemu alimuendea Bwana usiku. Yuda alitoka usiku kumutoa. Sherti tuulize: mezani kuna nini?

Tena tusisahau kwamba malalamiko ya Wabatavi yalikuwa ya haki. Kama yangesikilizwa mchana, labda pori lile lisingeona kiapo. Ndugu mapadri, nanyi wakatekista, vijana wakituletea malalamiko yao, tusiwafukuze mulangoni. Tuwasikilize mapema, kabla hawajakwenda kutafuta meza ya panga.