Mbuga Yetu Iko Ruvuma

Wengi wetu tuliokulia Ndanda tulilipa nauli hadi Mikumi ili kumwona tembo, kumbe tunaye nyumbani. Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, lenye majina ya mito miwili, lilikuwa ndani ya Wilaya ya Masasi mpaka Nanyumbu ilipomegwa mwaka 2007. Kusini kwake ni Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Kiangazi maji yakipungua, tembo huvuka bila pasi wala ushuru (sisi wahasibu tumeliona hilo). Wazee wetu, Wamakua, Wayao na Wamakonde, nao walivuka mto huohuo, ndiyo maana tuna ndugu kotekote. Wanafunzi wetu wengi hawajafika huko. Fungu la kukodi basi lao bado halijajaa.