Mikono Iliyovuka Mpaka: Historia ya Mekapu na Nywele za Filamu

Wiki hii tuongee juu ya kazi ambayo matunda yake tunayaona kila siku kwenye skrini bila kujua kama ni kazi: kupaka mekapu na kutengeneza nywele za waigizaji wa filamu na televisheni. Wengi husema, "Ah, hiyo si poda tu?" Hapana. Ukiifuata historia yake utakuta jambo linalotuhusu sana. Waanzilishi wake wakubwa walikuwa wahamiaji, watu waliofika ugenini wakiwa na ujuzi mkononi na vitu vichache tu. Utakuta pia kwamba ujuzi huo ulikaa miaka mingi umefungiwa ndani, mpaka wakatokea watu waliokubali kuufungua.

Tuanze na jina ambalo labda umeliona dukani kwenye kopo la poda: Max Factor. Lile ni jina la mtu. Alizaliwa Poland, wakati nchi ile ikiwa chini ya mfalme wa Urusi, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Maksymilian Faktorowicz. Akiwa bado mtoto aliwekwa kwa fundi wa kutengeneza wigi. Alijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi na kurudia kazi ileile mpaka vidole vikazoea. Alipokua akafanya kazi Urusi, akitengeneza wigi na kupaka mekapu waigizaji wa jukwaani.

Lakini maisha ya Wayahudi kule yalikuwa ya wasiwasi. Walikuwa wakishambuliwa, nyumba na maduka yao yakivunjwa. Mwaka 1904 akaondoka na mke na watoto kwenda Marekani. Inasimuliwa kwamba alijipaka rangi ya njano usoni ili aonekane mgonjwa, apewe ruhusa ya kusafiri kwenda kutibiwa, na ndivyo alivyopata nafasi ya kutoroka. Kama ni kweli, basi mekapu ndiyo iliyomvusha mpaka.

Huko Marekani alianza na biashara ya wigi na vipodozi, na baada ya miaka michache akahamia Los Angeles. Filamu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kutengenezwa pale kwa wingi, na waigizaji walikuwa na shida moja kubwa. Rangi ya jukwaani ilikuwa nzito, ya mafuta, imetengenezwa kwa mtu anayetazamwa kutoka mbali. Kamera inakuja karibu. Mwigizaji akicheka tu, rangi inapasuka kama ukuta wa udongo uliokauka. Mwaka 1914 Factor akatoa rangi laini kama krimu, inayopakwa nyembamba na kufuata ngozi inavyojikunja.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mikanda ya filamu ya wakati ule haikuona rangi nyekundu. Mdomo uliopakwa rangi nyekundu ulitoka mweusi kwenye skrini, na mtu mwenye mashavu mekundu alionekana kama hajanawa. Kwa hiyo wapambaji walipaka rangi ambazo ukiziona kwa macho ungeshangaa, ili kwenye skrini zitoke sawa. Halafu miaka ya 1920 ikaja aina mpya ya mkanda unaoona rangi zote, pamoja na taa za aina nyingine, na mahesabu yote ya zamani yakaharibika. Ikabidi kuanza upya. Mwaka 1928 Factor akatoa mekapu mpya kwa ajili ya mkanda huo.

Hapo ndipo somo la kwanza la kazi hii linapotoka, na halijabadilika mpaka leo: unapaka kwa ajili ya jicho la kamera, chini ya taa ya siku ile. Uso uliopendeza kwenye kioo cha saluni unaweza kutoka wa kijivu kwenye video. Ndiyo maana fundi hapaki tu na kuondoka. Anakwenda kuangalia kwenye skrini, anarudi, anarekebisha.

Na nywele? Nazo Factor aliziheshimu. Wigi nyingi za filamu za mwanzo zilitengenezwa kwa vitu kama sufu au majani makavu. Yeye alizitengeneza kwa nywele za watu, tena alikuwa anazikodisha, hauzi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1914, filamu ya *The Squaw Man* ilipohitaji wigi zake na pesa ikawa kidogo, alikubali kuzikodisha kwa sharti moja: watoto wake wa kiume waajiriwe kucheza humohumo, ili jioni wahakikishe hakuna wigi iliyopotea. Ujanja wa mhamiaji huo, mnaujua.

Hakuwa peke yake. George Westmore, fundi wigi kutoka Uingereza, ndiye anayetajwa kuwa alianzisha idara ya kwanza ya mekapu ndani ya studio ya filamu, mwaka 1917. Jack Pierce, aliyetengeneza sura ya lile jitu la *Frankenstein* mwaka 1931, alizaliwa Ugiriki. Kila siku alimkalisha Boris Karloff kwenye kiti karibu saa nne, akijenga kichwa kile kwa pamba na gundi, tabaka juu ya tabaka.

Sasa tuje kwenye mlango uliofungwa. Westmore alikuwa na watoto sita wa kiume walioingia kwenye kazi hii, nao wakaja kuongoza idara za mekapu katika studio kubwa za Hollywood. Ujuzi ulipita kwa baba kwenda kwa mtoto, kwa fundi kwenda kwa msaidizi wake. Siri za michanganyiko zililindwa kama siri za mganga. Wanawake wengi waliachiwa nywele na kupaka mwili, na uso ukabaki kazi ya wanaume. Kama hukuzaliwa ndani au hukujuana na mtu, ulibaki nje.

Aliyefanya tofauti ni Dick Smith. Huyu hakuwa na baba kwenye kazi. Alianza kwa kusoma kitabu na kujaribu mwenyewe, na mwaka 1945 akapewa kuongoza mekapu ya televisheni ya NBC huko New York. Televisheni ya wakati ule ilikuwa inarushwa moja kwa moja, kwa hiyo alijifunza kufanya kazi haraka kabisa. Baadaye ndiye aliyemzeesha Marlon Brando katika *The Godfather* na kutengeneza uso wa yule msichana wa *The Exorcist*. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuficha. Alipogundua njia mpya, aliisema. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha kufundisha vijana kutengeneza mekapu ya kutisha kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Wakimwandikia barua, alijibu.

Mmoja wa waliomwandikia ni kijana aitwaye Rick Baker. Baadaye alikuwa msaidizi wake, na Oscar ilipoanza kutoa tuzo ya mekapu kila mwaka, Baker ndiye aliyeshinda ya kwanza, kwa filamu ya mwaka 1981. Mwingine alikuwa mwanafunzi wa shule huko Kyoto, Japani, aliyeona picha za kazi ya Smith kwenye gazeti. Alikuwa mbali sana na Hollywood, hana chuo cha kazi hiyo karibu. Akajaribu kwenye uso wake mwenyewe, akapiga picha, akatuma kwa posta. Leo anaitwa Kazu Hiro, na ana tuzo mbili za Oscar.

Usisome habari hii kama hadithi ya bahati. Angalia alichotuma: kazi, kwenye picha. Hakutuma ombi la msaada peke yake. Mtu aliye mbali anamjua fundi kwa kazi yake.

Sasa kuna swali ambalo pengine unalo tangu mwanzo. Hizi zote ni nyuso nyeupe. Sisi tuko wapi?

Tulikuwepo, lakini kama watu wa kutazamwa. Kati ya 1924 na 1925 msafara wa magari ya Citroën ulivuka Afrika ukipiga picha na filamu. Kaskazini-mashariki ya Kongo, kwa Wamangbetu, walimpiga picha mwanamke aitwaye Nobosodru, mwenye kichwa kilichorefushwa kwa kufungwa tangu utotoni, na nywele zilizofumwa zikapanuka nyuma kama pazia. Filamu, *La Croisière noire*, ikatoka 1926. Sura yake ikasambaa Ulaya, ikawa sanamu na pambo la mbele ya magari. Jina la aliyemfuma nywele zile halijulikani. Kazi ya saluni ya Uele ilifika Paris, fundi hakufika hata kwa jina.

Na mitambo nayo haikututengenezewa sisi. Kwa miaka mingi maabara za picha za Kodak zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na picha ya mwanamke mweupe. Ikitoka sawa kwake, basi imetoka sawa. Ngozi nyeusi ilipotea kwenye giza, zikabaki meno na macho. Waliofanya kazi pale wamesimulia kwamba msukumo wa kubadilisha ulitoka kwa kampuni za chokoleti na za samani za mbao, zilizolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazionekani vizuri. Soma tena taratibu: chokoleti ilisikilizwa.

Hata mafundi wa kuzijua ngozi na nywele zetu walikuwa wachache. Waigizaji weusi wengi wa Marekani wameeleza hadharani kwamba walikuwa wakienda kazini na fandesheni yao mkobani, na nywele wamezitengeneza nyumbani, kwa sababu walijua hawatamkuta mtu wa kuwaweza. Tuzo yenyewe ya Oscar haikutaja nywele kwenye jina lake mpaka filamu za mwaka 2012. Mwaka 2021 ndipo wanawake weusi wa kwanza, Mia Neal na Jamika Wilson, waliposhinda tuzo hiyo pamoja na Sergio Lopez-Rivera, kwa filamu ya *Ma Rainey's Black Bottom*. Na *Black Panther* ya 2018, ambayo nywele zake ziliongozwa na Camille Friend, ilijaa misuko na nywele za asili, ule ujuzi ambao mama na shangazi wamekuwa wakifundisha mlangoni jioni.

Kwa hiyo dada unayesuka rasta kambini, na wewe kaka mwenye mashine ya kunyolea, msidhani mko mbali na kazi hii. Nusu yake mnayo: mnajua kugawa njia, kukaza bila kuumiza, kusoma umbo la kichwa. Nusu ya pili inajifunzwa, na unaweza kuanza hata kwa simu.

Jifunze taa. Mpake mwenzako, mpige picha juani, kivulini, na usiku chini ya balbu. Linganisha. Jifunze kutunza muendelezo. Filamu haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi: leo mnapiga mwisho, wiki ijayo mwanzo. Kama msuko ulikuwa na mistari minane na kovu lilikuwa shavu la kushoto, lazima virudi hivyohivyo. Kwa hiyo piga picha mbele, nyuma na pembeni, na andika kwenye daftari. Jifunze usafi. Osha brashi kila baada ya mtu, usichovye maskara ya mmoja kwa mwingine, usipake moja kwa moja kutoka kwenye lipstiki. Na usimweupishe mtu. Kamera haihitaji mkorogo, inahitaji rangi inayolingana na ngozi yake na taa inayomfikia.

Jambo moja zaidi, na hili ni zito. Vijana wetu wengi wakitengeneza filamu wanataka kuonyesha vita, damu, vidonda. Damu ya filamu ni rahisi, maji ya sukari mazito na rangi ya chakula. Lakini unayempaka anaweza kuwa na kidonda cha kweli rohoni. Muulize kwanza. Muonyeshe kwenye mkono kabla ya uso. Akikataa, basi. John Chambers, aliyetengeneza nyuso za *Planet of the Apes* ya 1968, kabla ya filamu alikuwa akiwatengenezea askari waliojeruhiwa vitani viungo na sehemu za uso za bandia. Mikono iliyotengeneza nyani ilianza kwa kumrudishia mtu uso wake. Tukumbuke hilo kila tunaposhika brashi.

Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, neno moja kwa heshima. Mradi wa filamu ukija, bajeti inanunua kamera, na wasichana wa saluni wanaitwa siku ya mwisho "wasaidie kidogo". Waingizeni kwenye mafunzo tangu siku ya kwanza, wakae karibu na mpiga kamera, wajifunze taa. Na majina yao yaandikwe mwisho wa filamu, kama ya mwongozaji. Jina hilo, pamoja na picha za kazi, ndiyo barua ya kijana wa leo. Fundi aliyemfuma Nobosodru hakuipata. Wa kwetu waipate.