Sarafu Kongwe na Historia ya Maneno: Kutoka Reale hadi Shilingi katika Nchi ya Mbulu na Hanang



Mtu anayekusanya sarafu kongwe huuliza kwanza mambo matatu: sarafu ni ya mwaka gani, ni ya madini gani, na ilipigwa chapa wapi. Vitabu vya orodha wanavyovitegemea wakusanyaji wa dunia nzima vimejengwa juu ya maswali hayo, na majibu yake ndiyo yanayoamua bei. Katika mhadhara huu ninakusudia kuongeza swali la nne, ambalo orodha hizo haziliulizi: je, watu walioishika sarafu hiyo waliiitaje? Nitadai kwamba kwa mwanafunzi wa Kiswahili swali hilo la nne lina uzito kuliko yale matatu, na kwamba jibu lake linapotea upesi kuliko sarafu zenyewe. Kipande cha shaba huweza kukaa ardhini miaka mia moja kikasomeka. Jina lake huondoka na mzee aliyelijua.

Nimechagua kulijadili suala hili kwa kuziangalia wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Huenda wengine wakashangaa kwa nini nimeiacha Bagamoyo au Pangani, ambako sarafu zilianza kuzoeleka mapema. Sababu ni ya kiisimu. Katika eneo hili Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, kinapakana na Kidatooga, ambacho ni lugha ya Kiniloti. Wahadza wa Yaeda Chini wana lugha yao yenye vidoko. Na upande wa Singida na Kondoa zipo lugha za Kibantu kama Kinyiramba na Kirangi. Mahali kama hapo Kiswahili hakikuingia kwa ujirani wa kinasaba. Kiliingia kwa njia ya biashara, utawala, dini na shule, na maneno ya fedha ni miongoni mwa mizigo ya kwanza kiliyobeba. Basi neno la fedha lililokopwa huku lina thamani ya ushahidi ambayo huko pwani halina.

Tuanze kabla ya sarafu. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alipopita nchi ya Wairaqw mwaka 1892, misafara ya bara ililipia chakula na njia kwa nguo ya merikani, kwa shanga, na kwa nyaya nene za shaba zilizojulikana kama masango. Huko pwani, kwa upande mwingine, watu walihesabu kwa reale, yaani sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa. Sarafu hiyo ni mtego wa kwanza kwa mkusanyaji mgeni. Ina mwaka 1780 usoni, lakini mwaka huo ni wa kifo cha malkia mwenyewe, nao uliendelea kuchapwa bila kubadilishwa hata katika karne ya ishirini. Anayemwonyesha mwenzake reale ya 1780 na kumwambia kwamba ina umri wa zaidi ya karne mbili, aghalabu anasema uongo bila kukusudia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huviita mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo reale iliyofuliwa baada ya 1900 huonekana kwa sura kuwa imo ndani ya kinga hiyo, ilhali kwa kweli haimo. Nayo rupia ya Mjerumani, kwa kigezo cha mwaka huo, iko nje kabisa.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu zake za kwanza mwaka 1890. Ile ya shaba iliitwa pesa, neno lililokwisha kuingia Kiswahili kutoka paisa ya Kihindi, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu yenye maana ya kampuni ya Ujerumani, pamoja na mwaka wa Hijra: 1307, 1308 au 1309. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kampuni linatokana na mzizi uleule uliotupatia shirika, ushirika na mshiriki. Mwanafunzi aizingatie sarafu hii. Ni hati ndogo ya wakati ambapo hata mkoloni mpya alijua kwamba msomaji wa pwani husoma hati ya Kiarabu. Mwaka 1904, Serikali ya Ujerumani ilipochukua mamlaka ya sarafu kutoka kwa kampuni, hati hiyo iliondolewa. Rupia mpya ikaandikwa kwa Kijerumani, na juu yake, kwa Kilatini, jina la Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Mabadiliko ya sera ya lugha, ambayo katika nyaraka huhitaji kurasa nyingi kuyathibitisha, hapa yanaonekana kwa kugeuza kiganja.

Kilichozipandisha sarafu hizo milimani ni kodi. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897 na kuanza kutekelezwa mwaka 1898. Kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Hapo mwanzo kodi iliweza kulipwa kwa mazao au kwa kazi, kisha sarafu ikasisitizwa. Kwa mfugaji, hii ilimaanisha kumtoa mnyama mnadani ili apate kitu ambacho hakukihitaji kwa lolote isipokuwa kukirudisha serikalini. Rupia 3 zilikuwa pesa 192 kwa hesabu ya kampuni. Kwa hesabu ya mwaka 1904, iliyogawa rupia katika vipande 100, zikawa heller 300.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha mada. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, yenye taji na mwaka upande mmoja, na tarakimu ndani ya shada la majani upande wa pili. Jina lake linatokana na mji wa Hall kusini mwa Ujerumani, ulikofuliwa sarafu za jina hilo katika zama za kati. Vipande vya heller 10 vya miaka ya 1908 hadi 1914, na vya heller 5 vya miaka ya 1913 na 1914, vilikuwa na tundu katikati, tundu lililowezesha kuvitunga katika uzi. Utawala ulioitoa ulidumu miaka michache tu baada ya hapo. Hata hivyo, heller ikawa hela, na leo hakuna mnada wa Katesh, Haydom au Dongobesh ambako neno hilo halisikiki. Sarafu ilikufa, jina likarithiwa na fedha zote zilizofuata.

Lakini jina halikurithiwa bila kubadilika, na badiliko hilo ni la kisarufi. Hela ilipokuwa sarafu, ilihesabika: mtu aliweza kuwa na hela tatu au hela kumi, kama leo tunavyosema shilingi kumi. Leo twasema hela nyingi, hela kidogo, hela yangu. Hatusemi hela tatu. Nomino ya vitu vinavyohesabika imegeuka kuwa nomino ya wingi usiohesabika, na pesa imepita njia hiyohiyo kabla yake. Shilingi haijapita. Kwa hiyo mtafiti akimsikia mzee akisimulia masimulizi ya babu yake na kusema hela kumi, asiharakishe kumsahihisha katika unukuzi wake. Tungo hilo ni kipande cha sarufi ya mwaka 1910 kilichohifadhiwa ndani ya simulizi, adimu kuliko sarafu iliyozaa tungo lenyewe. Kwa bahati mbaya wanukuzi wetu wengi, kwa kupenda usanifu, hulifuta.

Mfano wa pili ni sumuni, na hapa naomba subira kidogo kwa sababu kuna hesabu. Neno hili linatokana na Kiarabu, nalo maana yake ni sehemu ya nane. Mtoto wa shule aliyeambiwa kwamba sumuni ni senti 50 ana haki ya kuuliza: ni ya nane ya nini? Senti 50 ni nusu ya shilingi. Jibu liko katika reale. Katika pwani ya karne ya kumi na tisa, thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya reale, na reale moja ilikuwa na thamani ya rupia mbili na ushei. Sehemu ya nane ya rupia mbili ni robo rupia. Reale ilipoondoka, jina likabaki kwenye robo rupia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, iliibadilisha rupia kuwa florini yenye thamani ya shilingi mbili, kisha ikaleta shilingi yenyewe kwa chapa ya mwaka 1921. Robo ya shilingi mbili ni senti 50. Jina lile likahamia tena. Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa sarafu za kwanza za taifa mwaka 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere na maneno ya Kiswahili, kipande cha senti hamsini chenye picha ya sungura kilipokelewa kwa jina hilohilo. Thamani moja imevuka reale, rupia, florini na shilingi, na hakuna serikali hata moja kati ya zilizohusika iliyowahi kulichapa jina lake juu ya sarafu.

Neno dala, ambalo watu walilitumia kwa shilingi tano na ambalo wengi huliona kuwa asili ya daladala, lina safari ndefu zaidi: linatoka kwenye dollar, nayo kwenye thaler, na thaler kwenye jina la bonde la Joachimsthal huko Bohemia. Natamani kulizungumzia, ila muda hautoshi.

Kuhusu utambuzi wa sarafu zenyewe nitasema machache. Rupia ya fedha ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya India. Mizani ndogo ya sonara itakuambia zaidi kuliko kuing'ata au kuigonga mezani. Shilingi ya simba ya kabla ya 1948 ina robo tu ya fedha halisi, na tangu mwaka huo haina fedha kabisa. Mwaka huohuo maneno yaliyomtaja mfalme kuwa mtawala wa India yaliondolewa, kwa sababu India ilikuwa imekwisha kujitawala. Senti 5 na 10 zenye tundu za mwaka 1936 zikiwa na jina la Edward wa Nane ni za kuvutia kwa namna yake, kwani mfalme huyo alijiuzulu kabla ya sarafu zenye sura yake kuingia mzungukoni kwao Uingereza. Huku kwetu tundu halikuacha nafasi ya sura, na jina lake likazunguka sokoni. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, si mbali na Hanang, imeigwa mno, na asiye na ujuzi asiinunue. Mwisho, sarafu isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala limau. Weusi wake ni sehemu ya umri wake.

Sasa hatari. Katika sehemu nyingi za nchi yetu umeenea uvumi kuhusu mali ya Mjerumani iliyofukiwa, na watu huchimba kando ya maboma ya kale, chini ya miti mikubwa na hata makaburini. Wapo wanaodai kwamba rupia fulani ina nguvu za ajabu, na kwa madai hayo wanakijiji hutapeliwa. Hasara ya mtapeliwa inajulikana. Hasara ya historia haitajwi: sarafu inayotolewa shimoni usiku na kuuzwa mjini asubuhi inafika kwenye kasha la mkusanyaji bila kijiji, bila mwenye nyumba na bila jina. Itabaki na mwaka wake, madini yake na kiwanda chake, yaani mambo ambayo tayari yamo katika orodha.

Kwa wanafunzi wanaotoka Mbulu na Hanang, ombi langu ni hili. Mnapoonyeshwa sarafu nyumbani, msianze kwa kuuliza bei. Andikeni ilipopatikana, ilihifadhiwa ndani ya nini, na mwenyewe anaiitaje kwa Kiiraqw au Kidatooga, kwa matamshi yake yote. Ulizeni wingi wake, kwa sababu umbo la wingi hufichua kama neno limekwisha kuzoea sarufi ya lugha iliyolipokea au bado ni mgeni. Ulizeni ilinunua nini. Lugha iliyokopa rupia kwa maana ya fedha kwa jumla ina tabaka tofauti la historia na ile iliyokopa shilingi, ingawa ni lazima kukumbuka kwamba neno huweza kuletwa na msemaji bila sarafu yenyewe kufika. Kisha mrudishieni mwenyewe sarafu yake.

Andikeni pia majina ya leo. Sarafu ya shilingi 500 ilitolewa mwaka 2014, na vijana huiita jero. Wanaoitumia wako hai na wanaweza kuulizwa.